Wifi Rawhiya na Mtihani wa Hoja

Novemba 16

Dhoruba ya Ufagio imeingia leo, mapema kuliko tulivyoizoea. Hapa Iskandaria kila dhoruba ya majira ya baridi ina jina lake na siku zake, na hii ndiyo inayofungua mlango. Imeng'oa bango la duka la dawa na kulibwaga juu ya gari la Dokta Lutfi, daktari wa meno ninayesoma naye. Alipofika darasani bado alikuwa anatetemeka kwa hasira, kwa hiyo somo la kwanza limeanza kwa kesi ya bango.

Darasa lenyewe ni sebule ya Ustadhi Bishara kule Ibrahimiya. Pana meza ya kulia chakula na bakuli la mbegu za maboga, ambazo huzibangua polepole huku akikusikiliza ukijikanganya. Mwaka huu tuko wawili tu. Sote tunautaka udhamini wa masomo ya ng'ambo, Dokta kwa ajili ya meno, mimi kwa ajili ya maji. Kazi yangu ni kupima maji ya bomba katika maabara ya mji.

Katika mtihani wa udhamini wa mwaka jana, hesabu nilizimudu. Iliyoniangusha ni sehemu ya hoja. Unapewa aya fupi, mtu anadai jambo lake, kisha unaulizwa: katika majibu haya matano, ni lipi linaloidhoofisha hoja hii? Lipi linaipa nguvu? Ni jambo gani mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema?

"Inshirah, mwanangu," Ustadhi akaniambia, "akili unayo. Tatizo unasoma kama mtu anayepokea habari. Humu hakuna habari. Humu kuna mtu anataka umwamini. Muulize kwanza: unataka niamini nini? Akishakujibu, muulize: umejuaje?"

"Na yule mwenye duka la dawa anataka niamini ni upepo!" Dokta Lutfi akadakia.

"Wewe unaamini nini?"

"Misumari imeoza."

"Umejuaje?"

"Nimeishika kwa mkono wangu!"

"Basi wewe una ushahidi. Kaa tusome."

Novemba 17

Mvua. Nimefanya maswali ya hoja kabla ya kwenda kazini. Afadhali nisiandike nimekosa mangapi.

Novemba 22

Nimerudi nyumbani nimemkuta Mama kitandani mchana kweupe, uso umempauka, sahani ya maharage haijaguswa. Nilipomuuliza akasema ni uchovu wa jiko. Lakini Mzee Rizq, bawabu wetu, alishaninong'oneza pale chini, "Wifi yako alipanda asubuhi. Kashuka adhuhuri, uso kaukunja."

Nilijua tu.

Wifi Rawhiya ni mke wa kaka yangu Mamduh. Mamduh yuko Kuwait anafunga viyoyozi, tunamwona mara moja kwa mwaka. Rawhiya anakaa Ghait al-Inab na binti zake wawili, anashona sare za shule. Sauti yake inapanda ngazi kabla ya miguu yake. Sikumbuki siku aliyoingia kwetu asinichome. Wiki iliyopita kaniambia, "Wewe Inshirah, wenzako wanahesabu watoto, wewe unahesabu mitihani." Mama akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Novemba 30

Leo tumejifunza kusoma swali kabla ya aya. "Usiingie sokoni hujui unanunua nini," Ustadhi anasema. Ukijua unatafutwa udhaifu, utasoma ukiwinda udhaifu. Pili, kabla ya kuyatazama majibu, funika karatasi kwa kiganja na useme jibu lako mwenyewe, hata kama ni la ovyo. Asiye na jibu lake huchukuliwa na jibu la kwanza lenye maneno mazuri.

Dokta Lutfi amegombana na swali zima. Aya ilisema sukari haihusiani na kuoza kwa meno katika kisiwa fulani, naye akakataa kuendelea. "Huu ni uongo! Mimi naona midomo ya watu kila siku!"

"Dokta, hapa huna zahanati," Ustadhi akamwambia. "Hapa una aya tu. Ulichokuja nacho kutoka nyumbani kiache mlangoni na mwavuli wako."

Desemba 5

Dhoruba ya Kasimu. Bahari imepanda barabarani. Nimepima maji mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amelala tena. Rawhiya alikuja, kasema Mzee Rizq, akaja na mvua yote ile! Anatafuta nini kwetu mtu kwenye siku kama ya leo?

Desemba 10

Mama ameacha kushuka sokoni. Anasema matope yanamchosha, na tangu wiki iliyopita ananituma mimi. Pia ameomba mto wa pili wa kulalia. Nimempa wangu.

Desemba 12

Siku njema darasani, naiandika nipate kuikumbuka. Swali lilikuwa hivi. Mwenye hoteli moja ameona kwamba kila siku wateja wanapoilalamikia supu, mpishi mkuu huwa jikoni anapika kwa mkono wake. Siku ambazo hakuna lawama, mpishi mkuu huwa ofisini. Mwenye hoteli akakata shauri kumpiga marufuku mpishi mkuu asiingie jikoni, supu ipate kuwa nzuri. Ni jibu gani linaloidhoofisha hoja yake zaidi?

Nilifunika karatasi kwa kiganja. Nikasema, "Mpishi mkuu hasababishi lawama. Lawama ndizo zinazomwita. Supu ikiharibika wanamkimbilia, naye anakuja kuiokoa." Nikaondoa kiganja, jibu lilikuwepo, la nne.

Ustadhi akaacha kubangua mbegu. "Ewaa! Ukiona mambo mawili yanatembea pamoja, usikubali haraka kwamba la kwanza limezaa la pili. Jiulize kama la pili ndilo limeliita la kwanza. Jiulize kama kuna la tatu limeyaleta yote. Jiulize kama ni sadfa. Mtahini anaipenda mitego hii kuliko mkewe."

Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Desemba 19

Nimewahi kutoka kazini kwa sababu umeme umekatika maabara. Nikiwa kwenye ngazi, kabla sijatia ufunguo, nikasikia sauti ya Rawhiya ndani ya nyumba yetu, kali, kama anamfokea mtoto.

"Mpaka lini? Mwambie! Usipomwambia wewe, wallahi nitamwambia mimi!"

Mama akajibu kitu kwa sauti ndogo, sikukisikia. Kisha nikasikia kilio. Mama yangu analia!

Nilipofungua mlango wakanyamaza wote wawili. Rawhiya akashika mkoba wake. "Karibu, mtahiniwa," akasema, akanipita bila kunitazama. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anajifuta macho kwa upindo wa nguo, miguu yake ndani ya beseni la maji.

"Alikuwa anataka uniambie nini?"

"Hakuna kitu, roho yangu. Mambo ya wanawake."

"Mimi ni mwanamume?"

Akacheka kidogo, akakohoa, akaniomba chai.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima na sasa nimelielewa. Ni nyumba. Mamduh anataka kurudi kutoka Kuwait, wana watoto wawili na chumba kimoja kule Ghait al-Inab ambako maji huingia kila mvua. Rawhiya anataka Mama aniambie niwapishe. Anamsonga mzee wa watu mpaka anaugua. Kila akija Mama anaanguka kitandani, asipokuja Mama anapika na kuimba. Ushahidi gani tena?

Desemba 27

Alikuja tena jana. Mama hajala tangu jana.

Januari 1

Dhoruba ya Kichwa cha Mwaka imevunja dirisha la jikoni. Nami nimevunja mengine.

Rawhiya alikuja na mfuko wa machungwa. Nilimkuta mlangoni, nikatoka naye kwenye ngazi, nikauvuta mlango nyuma yangu ili Mama asisikie.

"Wifi," nikamwambia, "nakuomba usije hapa mpaka mtihani wangu uishe."

Akanitazama kama nimemsemesha Kituruki. "Nisije wapi?"

"Hapa. Kwa Mama. Kila ukija anaumwa. Unafikiri sioni?"

Nilitegemea atapiga kelele, majirani watoke. Hakupiga. Akautazama mlango. "Umemuuliza yeye?"

"Sina haja ya kumuuliza, nina macho."

"Basi Mungu akuzidishie macho," akasema. Aliweka machungwa chini na kuanza kushuka. Katikati ya ngazi akageuka. "Inshirah, angalau mpigie simu mchana ukiwa kazini. Hilo tu."

Nilimwona mnafiki.

Januari 6

Nyumba imetulia. Mama halalamiki hata kidogo. Nikirudi namkuta ameketi kwenye kiti, amejifunika shali, ananitabasamia. Nimemwambia Ustadhi kwamba sasa nasoma vizuri, nyumbani hakuna fujo.

Tumefundishwa mbinu ya kukanusha. Ukiulizwa mwandishi amechukulia jambo gani kuwa kweli, chukua kila jibu, ligeuze kinyume, kisha utazame hoja. Ikianguka chini, hilo ndilo jiwe lililokuwa limeibeba. Ikibaki imesimama, tupa, nenda jibu linalofuata. Dokta Lutfi leo kapata yote. Kajinunulia basbusa, keki ya shira, na sisi katugawia.

Januari 9

Nguo za Mama zinambana. Nimemtania kwamba amenenepa kwa kukaa bure. Hakucheka.

Januari 13

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nje ni Dhoruba Kubwa ya Januari, ile wavuvi wanayoiita Mafuriko, na leo imelistahili jina hilo.

Nilikuwa kwa Ustadhi. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, sauti nimeizima, kwa sababu tulikuwa tunajipima kwa saa kama mtihani wa kweli. Nilipoitazama nikakuta Rawhiya kapiga mara nyingi hata simu ilikuwa ya moto. Niliona jina lake nikaudhika. Nilikaribia kuirudisha mkobani! Kisha ikaita tena, nikapokea, na haikuwa sauti yake niliyoizoea.

"Njoo hospitali. Njoo sasa hivi. Mama hapumui vizuri."

Barabara zilikuwa mito. Teksi haikukubali, nikatembea, maji ya kinyesi na mvua yakinifika magotini. Nilimkuta Rawhiya kwenye ukumbi, amelowa mpaka kichwani, hana viatu, gauni limechanika begani. Na badala ya kumuuliza chochote, mimi, mbele ya wauguzi na watu wazima, nikamfokea.

"Umemfanya nini? Si nilikukataza! Kila ukikanyaga nyumbani kwetu mama yangu anakaribia kufa!"

Rawhiya alikuwa anatetemeka kwa baridi, meno yanagongana. Akasema polepole, "Leo kazidiwa kabla sijakanyaga, Inshirah. Leo ndiyo siku ambayo sikuwepo."

Akatoka akaenda kusimama dirishani.

Daktari kijana ndiye aliyenieleza. Moyo wa Mama umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Maji yamejaa miguuni, sasa yamefika kwenye mapafu. Akaniuliza, "Tangu miguu ianze kuvimba ni muda gani?" Sikujua. "Analalia mito mingapi?" Hilo nilijua. Nilimpa mto wangu mwenyewe kwa mkono wangu, na sikujiuliza kwa nini mtu anahitaji kulala nusu amekaa.

"Aliyemleta kamwahi," daktari akasema. "Angechelewa kidogo tusingekuwa tunazungumza."

Mzee Rizq amekuja jioni kuleta blanketi, yeye ndiye aliyenimalizia. Rawhiya alikuwa akimpigia Mama simu kila asubuhi, tangu nilipomkataza kuja. Leo Mama hakupokea. Rawhiya akatoka Ghait al-Inab kwa miguu katika maji yale, akafika, akagonga, hakuna jibu, akavunja kioo cha mlango na kuingiza mkono. Gari la wagonjwa lilishindwa kuingia mtaani kwetu. Wakamlaza Mama kwenye mkokoteni wa muuza viazi, Rawhiya akasukuma nyuma, muuza viazi akavuta mbele.

Mkono wake umefungwa bandeji. Ile damu, pale ukumbini, nilidhani ni uchafu tu.

Januari 14

Mama ameweza kusema. Wamemwekea hewa puani, sauti yake inatoka vipande vipande, lakini alitaka kusema na nikashindwa kumzuia.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwita," akasema. "Siku nikiamka pumzi hazipandi, nampigia. Anakuja, ananisugua miguu, ananipeleka kwa daktari, ananirudisha kabla hujafika."

"Kwa nini hukuniita mimi?"

Akageuza uso. "Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa nyongo wiki ya mtihani wako. Ukakesha na mimi, ukaenda kufanya mtihani macho mekundu. Nikasema, haki ya Mungu, sitamwangusha binti yangu mara mbili."

"Na siku ile Rawhiya alipokuwa anakufokea?"

"Alitaka nikuambie. Kila siku alitaka nikuambie. Nilimwapisha kwa uhai wa watoto wake asiseme. Maskini, kila akija anakuta nimemfunga mdomo, akitoka anakukuta wewe umekunja uso."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Yeye hana mama, Inshirah. Hilo hujawahi kulifikiria?"

Nimelia kwenye choo cha hospitali hadi msafishaji akagonga mlango. Mwezi uliopita nilimcheka mwenye hoteli aliyemfukuza mpishi wake. Nilijibu kwa haraka, nikasifiwa, nikatembea kama bibi harusi.

Januari 16

Nimeenda Ghait al-Inab. Sikuwa nimekanyaga kule tangu harusi ya Mamduh. Maji yalikuwa yameshashuka lakini ukuta bado una mstari wa unyevu unaofika kiunoni. Alikuwa kwenye cherehani, mkono wa bandeji ukisukuma kitambaa.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

Cherehani haikusimama. "Omba."

"Nilikosea."

"Hilo najua. Endelea."

"Nilifikiri unataka nyumba."

Hapo cherehani ikasimama. Akacheka kicheko kibaya. "Nyumba! Nyumba ya ghorofa ya tatu isiyo na lifti! Wewe na digrii zako, hukupata kitu kibaya zaidi cha kunifikiria?"

"Nilikusikia unamwambia, 'mwambie.'"

"Na wewe ukajijazia kilichobaki."

"Ndiyo."

"Unajua kilichoniuma ni nini? Si maneno ya kwenye ngazi. Maneno hayo hata mimi nimekupa mengi. Kilichoniuma ni pale ukumbini, nimembeba mama yako kama mtoto, nasubiri nikuone nipate kulia na mtu. Ukaja na kidole."

Akanirushia rundo la sketi za shule na kiwembe kidogo. "Fumua pindo hizo, nimezishona kwa mkono mmoja zimekwenda upande. Na usinichanie kitambaa."

Nimefumua mpaka adhuhuri. Hakusema amenisamehe. Alinipa kunafa tamu nile, kipande cha pembeni, kile kigumu.

Januari 18

Nimemwambia Ustadhi sitafanya mtihani. Nilidhani ataniuliza sababu. Akaniuliza, "Mama yako anasemaje?"

Nilikuwa sijamuuliza. Tena.

Januari 19

Nimemuuliza. Mama akavua bomba la hewa puani ili anifokee vizuri. Muuguzi kaja mbio.

Januari 21

Tunapokezana hospitali, mimi asubuhi kabla ya kazi, Rawhiya mchana, mimi jioni. Leo tulikutana kitandani kwa Mama, akaninyang'anya karatasi za maswali. "Lete nikupime. Nasikia ni hadithi hadithi."

Akasoma kwa sauti ile yake, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasogeza masikio. Aya ilimhusu meya anayesema bustani mpya zimepunguza ugomvi mjini, na swali lilitaka jibu linaloidhoofisha hoja yake. "Mwongo!" Rawhiya akasema. "Meya ni mwongo, ndilo jibu."

"Halimo hilo, wifi. Yapo matano tu."

"Basi la pili. Linasema watoto wanapenda bustani. Nani asiyependa bustani?"

"Ni kweli, lakini halimgusi meya. Jibu linaweza kuwa kweli na lisihusike. Ustadhi analiita mgeni aliyekosea harusi: kavaa vizuri, anakula vizuri, lakini hakualikwa."

"Na hili la mwisho? Bustani zote za mji *daima*..."

"Liogope neno daima. Na kamwe, na wote, na pekee. Mwandishi hakudai mengi kiasi hicho, wewe usimwongezee."

Bibi wa kitanda cha tatu akasema yeye anachagua la tatu, kwamba mwaka huohuo polisi waliongezwa. Lilikuwa la tatu. Rawhiya akasema bibi kachungulia.

Mama alicheka mpaka tukamzuia.

Januari 25

Mama amerudi nyumbani. Vidonge viko mezani, mahali pa kuonekana. Kila asubuhi napima miguu yake kwa kidole kama daktari alivyonionyesha, nabonyeza na kutazama kama shimo linabaki.

Januari 29

Dhoruba ya Karm, lakini imekuwa mpole, manyunyu tu.

Rawhiya alilala kwetu ili niondoke nimetulia. Mlangoni akasema, "Usipofaulu usirudi," kisha akanisomea dua, akanipulizia usoni.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa baridi. Sehemu ya hoja ilikuwa ya tatu. Swali la kwanza nikalisoma mara tatu bila kulielewa. Nikaona uso wa Mama na bomba puani. Nikaliruka. Ustadhi alituambia swali linalokukaba lisikuzuie kuyafikia mengine yanayokungoja. Nililirudia mwishoni na likafunguka lenyewe.

Moja liliniduwaza. Kijiji kimoja hakijapeleka malalamiko yoyote kuhusu maji mwaka mzima, kwa hiyo maji yao ni safi. Jambo gani limechukuliwa kuwa kweli? Sikuhitaji kiganja. Kwamba wangekuwa na shida, wangesema.

Nililiwekea alama nikakaa kidogo bila kuandika. Msimamizi aliniuliza kama naumwa.

Februari 3

Nimempelekea Ustadhi basbusa na kumweleza yote ya Rawhiya. Nilitegemea atatoa somo. Akasukuma bakuli la mbegu pembeni, akasema, "Mwanangu, mimi nimefundisha hoja miaka mingi. Marehemu mke wangu alinyamaza miezi minne, nikadhani ameniridhia. Alikuwa ameniwekea kinyongo kwa neno moja la mezani. Karatasi haikupendi wala haikuogopi, ndiyo maana ni rahisi kuiuliza."

Februari 17

Hakuna jipya. Jua. Rawhiya na Mama wamegombana kuhusu chumvi. Daktari kaikataza, Mama anaiiba. Rawhiya kaondoka na kopo zima la chumvi mkobani, anateremka ngazi akimwambia kila jirani sababu.

Machi 9

Husum, dhoruba inayofunga majira. Upepo umepiga tangu alfajiri.

Matokeo yametoka. Nimepata udhamini. Dokta Lutfi amekosa kwa alama chache sana. Kaniambia kwenye simu kwamba swali la kumi na moja limetungwa na mtu asiyejua ufizi ni nini, na kwamba mwakani atauacha ufizi mlangoni na mwavuli.

Mama alikuwa usingizini na sikutaka kumwamsha. Nikaenda Ghait al-Inab, nikamkuta Rawhiya anaanua nguo kabla upepo haujazichukua. Nilimwambia palepale kibarazani. Alipiga vigelegele, mtaa mzima ukafungua madirisha. Binti zake wakatoka mbio wakidhani baba yao amerudi.

Kisha nikasema lililokuwa limenikaba njia nzima. "Masomo ni miaka miwili, wifi. Siwezi kukuachia Mama miaka miwili. Sikuja kukuomba hivyo. Nimekuja kukuuliza. Nikikosea unanirekebisha."

"Uliza."

"Unataka niende?"

Aliweka kapu la nguo chini. Akajifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na kitu. "Mama nitamtunza, hilo si la kuuliza. Nilikuwa namtunza wewe ukiwa chumba cha pili. Mamduh akirudi tutahamia kwa Mama kama atatukubali, na tutagombana na ngazi." Upepo ulimrushia mtandio usoni, akauacha hapohapo, nikaona mabega yanatikisika.

"Unalia, wifi?"

"Nyamaza wewe." Akauvuta mtandio. Macho yalikuwa mekundu. "Nimekuzoea. Sasa nitagombana na nani?"

Nikamwambia simu zipo. Akasema kwenye simu mtu hawezi kumrushia mwenzake kandambili. Tukabeba kapu pamoja, kila mtu upande wake, tukaingia ndani, akaanza kunihesabia nguo za baridi atakazonishonea, akilalamika kwamba mabega yangu ni mapana kama ya bawabu.